Makapi

Tulivipakia Dodoma usiku, vioo kumi na viwili,
vimesimamishwa kwenye Fuso kama wagonjwa,
magodoro ya mtumba katikati yao.
Tulipoiacha lami nikamwambia dereva: pole pole, Masinjisa,
humo nyuma umo mshahara wangu wa miezi mitatu.
Kila tuta lilinipita mgongoni
kabla halijafika kwenye tairi.

Kilimatinde, ukingoni, ukuta wa boma
unanifika gotini. Wajerumani walichongesha jiwe,
makalio ya watu yakamalizia kazi:
miaka mia na ushee ya kukaa na kutazama chini,
limekuwa laini kama sabuni iliyotumika.
Chini kule ni Bonde la Ufa, lote,
Bahi inametameta kama sufuria iliyosahauliwa juani,
treni ya Saranda ni jongoo asiye na haraka.

Mwaka jana kijana mmoja aliifuata kandambili yake.
Kandambili ilipatikana.
Ndiyo maana nimekuja na dreli.

Nikatoboa. Jiwe likatoa unga mweupe
wenye harufu ya mvua ya zamani.
Timazi ikayumba, nikaisubiri itulie.
Bolti, raba, silikoni. Kioo cha kwanza kikasimama,
mhandisi Chidumizi akakipiga ngumi, akacheka:
hata fahali aje mbio, atarudi na kizunguzungu.

Siku ya tatu akaja mama mmoja, Mbeleje,
uwele kichwani, ungo kwapani.
"Mbukwa," akasema. Hakuuliza tenda ni ya nani.
Akasimama pale pale, nadhani, aliposimama mama yake,
akarusha.

Nafaka ikashuka ungoni.
Makapi yakapaa, yakafika kwenye kioo,
yakasita (niliyaona yakisita),
yakamrudia yeye, nywele, kope, shingo.
Akarusha tena.
Tena.
Kisha akakigusa kioo kwa kiganja kizima
kama anayepima homa ya mtoto wa jirani.
"Upepo mmeuweka upande gani?"

Majibu ya milimita ninayo. Najua kioo kimoja
kitahimili watoto wangapi wa shule wakiegemea pamoja.
Kandambili ile naijua, ya bluu, mkanda umeshonwa kwa waya.
Hilo la upepo halikuwamo kwenye mchoro.

Akazunguka nyuma ya boma, penye lango lililobomoka,
akalowesha kidole, akakiinua,
akasogea hatua mbili, akarudi moja, akarusha.
Makapi yakaenda zake.
Hakunitazama. Mimi nilikuwa nafuta vioo kwa gazeti,
na kila nilipofuta, bonde lilisogea karibu
bila harufu yake.

Tulikabidhi Ijumaa, karatasi juu ya boneti.
Kazi imekamilika: ndiyo.
Palipoandikwa "Vilivyovunjika" nikaweka sifuri,
na kalamu ikaruka katikati ya duara.
Nikainua karatasi kuona imekwama wapi.
Kapi la uwele, moja.