Lumbesa

Inazima.
Haitoi moshi, haipigi kelele, haiombi radhi.
Niko katikati ya kona, matairi yamepinda,
nyuma yangu wapinzani watatu na mvua ya gemu,
mara chumba kinarudi kuwa chumba.
Feni inamalizia mzunguko wake
kama mtu aliyekatishwa sentensi.
Nje ni Uyole, Julai, saa nne usiku,
na baridi imeshavua viatu, iko ndani.

Nilianza na lawama za karibu.
Nikasema ni umeme wa mtaa.
Nikachukua daftari la hesabu la mdogo wangu
nikaandika saa ya kila kifo:
saa moja na dakika kumi, mashine ya Mama Bupe inasaga, imezima;
saa mbili kasorobo, mashine imelala, imezima;
saa tatu, balbu haijapepesa hata kope,
imezima.
Nikamfutia Mama Bupe kesi
bila kumwambia kwamba aliwahi kushtakiwa.

Nikachomoa ramu, nikaifuta meno kwa ufutio wa penseli,
nikaihamishia tundu la pili.
Nikapaka prosesa dawa upya, kiasi cha punje ya njegere.
Nikaondoa kadi ya picha, mshahara wa miezi mitano,
na bila kadi ikawaka usiku kucha, pole kama ndama,
ikifungua barua na kikokotoo.
Nikairudisha kadi.
Kona ileile. Giza.

Lusajo akaja na nadharia: joto.
Nilicheka, mvuke ukanitoka mdomoni.
"Joto gani, watu tunalala na soksi?"

Asubuhi niliifunga kwenye kitenge,
nikaipakata kwenye bodaboda mpaka Mafiati, kwa Subilaga,
ambaye meza yake ni makaburi ya redio.
Hakuuliza gemu gani.
"Inazima ikiwa imekaa, au ikiwa inafanya kazi?"
Ikifanya kazi.
"Basi ina njaa."

Akachomeka pawa saplai yake chakavu,
kutu pembeni, wati mia tano tu.
Gari langu likaipita ile kona.
Likazunguka, likaipita tena,
nusu saa, mwenye redio akichungulia begani kwangu
na kunielekeza breki.

Yangu iliandikwa mia saba na hamsini, kwa rangi ya dhahabu.
"Lakini ni nzito," nikajitetea. "Niliipima kwa mkono dukani."
Subilaga aliiacha kando kwanza, akanywa chai yote.
"Hii hata ukiichomoa hubaki na hasira. Usiingize kidole."
Kisha skrubu nne.
Ndani: koili moja kondefu,
waya mwembamba kama wa kufungia mchicha,
na kipande cha saruji
kilichogandishwa kwa gundi,
hakijaungwa na chochote.

Nilikiangalia mpaka akanigusa bega.

Baba alilima viazi Isyonje miaka ishirini na sita.
Wanunuzi walikuja na magunia yao, juu wameyashonea kichwa cha nyavu,
yakasimama marefu kuliko mimi wakati ule.
Gunia moja na nusu, likahesabiwa moja.
Mama alitaka mzani.
Wao walitaka kuwahi lami.
Viazi vyake vya mwisho, kabla mgongo haujalikataa jembe,
ndivyo vilivyonunua boksi hili, bodi yake, na hiyo dhahabu ya uongo.

Nimeazimwa ile ya kutu hadi mwisho wa mwezi.
Saruji niliomba nirudi nayo.
Sasa inashikilia mlango, upepo wa usiku usiusukume,
na kazi hiyo, lazima niseme, inaiweza.

Nilimpigia baba simu nikidhani atakasirika.
Alikaa kimya. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anapasua kuni.
Halafu akacheka mpaka akakohoa,
na alipopata pumzi akauliza,
taratibu, kama mtu anayeijua biashara:
"Saruji? Kilo ngapi?"