Ukurasa wa Kumi na Mbili

Wameanza tena, hata kufuli sijafungua.
Benchi langu la wateja wamelifanya bunge:
Ndewirwa fundi saa, mwenye saa mbili mkononi, zote zimesimama,
Mrutu wa lori,
na Mama Aikaruwa na ndoo yake ya kiburu.
Hoja ni ile ile tangu vuli:
Bati Jekundu watatoa albamu lini?

"Desemba," anasema Mrutu. "Wachaga wakirudi kuhesabiwa,
na wao watarudi. Nimeona gitaa likishushwa Kiusa,
limeviringishwa blanketi
kama mgonjwa anayepelekwa Mawenzi."

Ndewirwa hataki. Gitaa moja si albamu,
kama mshale mmoja usivyokuwa saa.
Yeye anangoja kitabu. Inasemekana kipo.
Kitabu ndicho kitakachomtaja aliyekata umeme
usiku ule wa ukumbi wa Reli, sabini na tisa,
na kwa nini Tumsifu aliacha ngoma zake jukwaani
akapanda basi la Tanga, vijiti mfukoni.

"Mwanamke," anasema Mrutu.
"Hela," anasema Ndewirwa.
"Kelele," anasema Mama Aikaruwa. "Mimi nilikaa nyuma ya uzio wao.
Sufuria zangu zilikuwa zinacheza zenyewe kabatini.
Mtu huchoka."
Halafu anacheka, maana hata yeye
anaijua neno kwa neno ile ya upande wa pili wa santuri,
na akiponda ndizi, mwiko hufuata mapigo.

Mimi nawasha mashine. Nasema wino umeisha,
anayetaka fotokopi arudi mchana.
Sisemi kwamba kila Jumanne, saa nane,
jua likishawafukuza benchini,
Elinami mwenyewe huja na daftari la mistari,
lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada,
na kwamba analipa kwa sarafu,
akizisukuma moja moja mezani
kwa kidole chenye sugu ya nyuzi.

Nimechapa kurasa kumi na moja.
Bendi bado haijazaliwa.
Kuna ng'ombe wa mama yake aliyefia Uru mwaka wa njaa.
Kuna king'ora cha kiwanda cha kahawa,
"sauti ya kwanza niliyoitamani:
inapanda, inakaa, inakataa kushuka."
Kuna bati jekundu lililong'olewa na upepo,
yeye na kaka yake wakalipiga kwa mawe
mpaka jirani akatoka na fimbo.
Maharage yaliyoungua yamepata ukurasa mzima.
Ndewirwa akikinunua kitabu hiki
atadai arudishiwe pesa zake.

Na albamu? Hajaiandika popote.
Ila akisubiri karatasi zitoke
huimba, mdomo kaufumba, kitu nisichokijua:
mapigo manne, kimya,
kisha anarudi nyuma
kama mtu aliyesahau funguo ndani.

Wiki iliyopita alileta ukurasa wa kumi na mbili.
Ulianza: *Tumsifu hakukosea.*
Niliuchapa wote, mpaka nukta.
Jumatano akarudi, na Jumatano si siku yake.
Hakuketi. Akasema, "Futa. Bakiza mstari wa kwanza."
Nikafuta akiangalia.
Akalipa bei ya ukurasa kamili
na chenji hakuichukua.

"Wewe mwenye mashine," ananiita Ndewirwa,
"mbona kimya? Unaonaje?"
Nikamwambia mimi muziki siujui,
mimi najua kupanga mistari na kukata pembeni.
Mrutu alikuwa ameinamisha kichwa,
anasikiliza kitu.
"Hebu," akasema. "Huo ni upi?"

Nikatazama vidole vyangu juu ya meza.
Mara nne. Kimya. Vikarudi nyuma.

Nikasema printa imekwama.