Ndoo ya Bluu

Tukuyu mvua haiombwi, inavumiliwa.
Rangi ya mafuta naichanganya na subira,
na bado mwaka ukigeuka
ukuta umeota ukungu wa kijani,
herufi zinachuruzika kama kamasi za mtoto.
Mimi ndiye niliyeandika Neema Stoo,
na Duka la Neema, na Neema Vipuri,
zote mtaa mmoja, zote kwa mkono huu.
Siku wadai wa mkopo walipotoka Mbeya
waligonga kwa Neema wa kwanza,
wakabeba friji ya Neema wa pili,
na Neema wa tatu akafunga mlango, akazima simu.
Nilicheka. Kisha nikaona haya.
Nani aliwaandikia?

Sekela Mwasomola hakuwa na jina.
Alikuwa na ndoo.
Ndoo ya bluu, mfuniko umebanwa kwa mpira wa baiskeli,
ndani mtindi mzito, wa kukatwa kwa kijiko,
maziwa ya ng'ombe wake wawili.
"Umenunua wapi?"
"Kwa ndoo ya bluu, pale kona ya kwenda Katumba."
Ikatosha, miaka minne.

Ndipo Ambokile akanunua ndoo.
Bluu ileile. Akakaa hatua saba juu yake,
mtindi wake maji, na maji yenyewe ya mfereji.
Wiki ile matumbo ya stendi nzima yakalalamika,
na kila tumbo likamtaja nani?
Ndoo ya bluu.
Sekela akarudi nyumbani na mtindi wake mzima,
akawamiminia nguruwe.

Alikuja kwangu ameshika viatu mkononi, tope hadi magotini.
Nikamfungulia daftari la majina makubwa:
Rungwe Kuu, Baraka Tele, Simba wa Maziwa.
Akayapitia kwa kidole, polepole,
akasema, "Haya ni majina ya watu wasionijua."
"Basi wanaokujua wanakuitaje?"
"Hawaniiti. Wanakunywa, wanafuta mdomo kwa kiganja,
wanasema ndaga, wanaondoka."

Tukatazamana.
Nje mvua ilikuwa imeanza tena.

NDAGA. Herufi tano, nyeupe juu ya nyekundu,
maana bluu aliikataa, alisema imeshauzwa.
Asante ya Kinyakyusa kwenye ubao wa mkaratusi.
Bei elfu kumi na tano. Alilipa kumi,
tano akasema nitazinywa.

Mwezi wa tatu kibuyu kimoja kilimsaliti.
Nilimkuta alfajiri akimwaga lita ishirini mtaroni.
"Si ungewauzia abiria wa Kyela? Hawarudi hao."
"Wao hawarudi," akasema, akisuuza ndoo,
"lakini jina linalala hapa hapa."

Ambokile naye alikuja, jioni, na noti mpya mfukoni.
Alitaka NDAGA HALISI, kubwa kuliko ile.
Sitasema uongo: niliitazama pesa.
Ada ya Lusajo ilikuwa imebaki nusu.
Nikamuuliza, "Wakimaliza kunywa kwako, wanasemaje?"
Akanyamaza hadi brashi ikakauka mkononi mwangu.
"Kasikilize kwanza," nikamwambia, "hata kama ni tusi.
Tuanzie hapo."
Hajarudi. Nasikia anauza maparachichi,
na wala si mabaya.

Masika haya mvua imekula N, imekula na G.
Imebaki DA, pengo, kisha A,
kama mtoto anayejifunza kumwita dada yake.
Hakuna mteja aliyepotea njia.
Leo nimepanda ngazi kuzirudisha,
naye akaninyooshea kikombe
cha zile elfu tano zisizoisha.
Nikanywa nikiwa juu, mkono mmoja umeshika bati,
nikafuta mdomo kwa kiganja chenye rangi,
na neno likatoka lenyewe,
kabla sijajua kama nashukuru
au nasoma.