Jina Lake Kule

Wakonjo huwapa watoto majina kwa zamu:
mvulana wa nne ni Kule. Basi, Kule.
Kwao jina hilo limetimia, halina swali.
Lakini Kilembe, kwenye Kiswahili cha shimoni
kisichojali ngeli wala cheo,
likawa mzaha wa kila asubuhi:
Yuko wapi Kule? Kule. Kule wapi? Kule kule.
Akacheka, taa kichwani, akateremka.

Mimi Owori, fundi umeme, mtu wa Tororo,
nililetwa kufunga waya za pampu.
Mwaka usiniulize. Reli ilikuwa mpya,
bendera bado ya Mwingereza.
Alinijia na gitaa lililopasuka tumbo:
Fundi, nataka lipige kelele kuishinda drili.

Nikaiba sumaku kwenye simu ya mhasibu
(siku tatu alisema halo, halo, ukuta ukimsikiliza),
nikapata redio ya marehemu, valvu nne,
nikaviunganisha. Nyuzi mbili nene
zilitoka kwenye breki za baiskeli.
Tulipowasha, paka wa kantini alitoka
na hakurudi tena.

Sajini mmoja aliyepita Nairobi
alikuwa na santuri ya Wamarekani.
Hii, akasema, ni rokenroli.
Kule akataka maana. Rok ni mwamba, nikamwambia,
roli sijui, labda kubingirika.
Akanyamaza mpaka sigara ikamuunguza.
Basi ni mimi, akasema.
Mchana nautoboa, usiku naubingirisha.

Jumamosi, ukumbi wa wafanyakazi.
Watu walizoea rumba, ile iliyovuka mpaka
kwa miguu, bila haraka, kiuno mbele.
Kule hakuanza na kiuno.
Alianza na buti la kushoto, lenye chuma,
ta-ta-ta-ta juu ya mbao,
na mkono ukaja baadaye, umechelewa makusudi,
ukaangukia mahali ambapo hakuna aliyeuwekea kiti.
Sina namna nyingine ya kuueleza.
Mhasibu mwenyewe alicheza. Alivua tai.

Husema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.
Huyu hakujua kuvuta. Senti za mlangoni
alimpa mpiga ngoma, aliyekuwa na watoto sita,
na zilizobaki akanunulia valvu.

Kisha Kampala, daraja la tatu, usiku kucha,
gitaa mapajani kama mgonjwa.
Karani wa santuri: Jina?
Kule.
Nimeuliza jina, sikuuliza utokako.
Kule, bwana.
Karani akachoka, akaandika: Kijana wa Mbali.
Shilingi thelathini, na saini ya dole gumba
ingawa kuandika alijua.

Drili haisamehe. Ilianzia nchani,
vidole vikawa vyeupe kama chaki
asubuhi za baridi, Nyamwamba ikishuka na maji ya theluji.
Kabugho, mkewe, alivisugua kwa samli,
yeye akavichovya kwenye chai, kisha akainywa.
Mwishoni alipiga bila kuuhisi waya.
Aliutazama mkono wake
kama unavyomtazama mtoto wa jirani akicheza:
ni mzuri, lakini si wako kumwita ndani.

Mto ulifurika, ukachukua redio na ukumbi.
Yeye alikufa miaka mingi baadaye, kitandani,
kifuani vumbi. Sitaki kulisema zaidi.

Santuri ninayo. Ina ufa.
Mashine sina, kwa hiyo hukunja gazeti liwe faneli,
nikachomeka sindano ya kushonea,
nikaizungusha kwa kidole, polepole, haraka, polepole,
na kutoka kwenye karatasi hutoka mtu mdogo, mkali,
anayejikwaa kwenye ufa ule ule
na kuendelea.

Jana mjukuu alikuja, akainamisha sikio.
Nani huyo, babu?
Kule, nikamwambia.
Akageuka, akatazama dirishani, milimani,
akatazama sana.