Malalamiko Namba 412

Saa mbili kasorobo nafunga baiskeli kwenye nguzo,
navaa sauti ya ofisini kabla sijavaa kitambulisho.
Mezani simu mbili, daftari la mistari mipana,
kikombe cha jana chenye utando wa maziwa.

Makorora maji hayajatoka tangu Ijumaa.
Chumbageni yanatoka, ila yana rangi ya chai.
Mtu wa Mikanjuni hataki kueleza, anataka kutukana,
nami namwachia, kwani matusi nayo ni foleni:
ukimzuia wa mbele, wa nyuma wanapandana.
"Pole sana. Samahani kwa usumbufu. Fundi yuko njiani."

Fundi hayuko njiani.
Fundi ni mmoja, Hizza, pikipiki yake ina pancha
na nusu ya mji inamngoja.
Nasema hivyo hivyo mara sitini kwa siku,
na kila nikisema, kitu fulani kidogo ndani yangu
kinalegea.

Sijui ilianza lini.
Labda siku ile Rukiya, mwanangu, aliponiuliza
kama mahamri yamebaki,
nikamjibu: "Samahani kwa usumbufu."
Akacheka. Mimi sikucheka.
Au usiku ule, Ngamiani nzima imelala,
nikasikia simu inalia ndani ya mto,
nikaamka, nikapokea hewa.

Zahanati wakanifunga ule mkanda wa mkono.
"Presha iko juu, mama."
Nikauliza, kwa mazoea: "Mtaa gani?"

Bwana Shehoza alisema kila mtu amechoka,
hata feni imechoka, itazame.
Akasema nikaze moyo.
Nati ikikazwa kupita kiasi hula nyuzi zake;
hilo sikumwambia.

Jumatano, baada ya 411, simu zikanyamaza ghafla
na mkono ukaandika wenyewe:

Namba: 412.
Mteja: Mwanamize Kombo, dawati la malalamiko.
Eneo: kifuani, kushoto, nyuma ya tabasamu.
Tatizo: bomba kuu linavuja tangu mwaka juzi.
Hatua iliyochukuliwa:

hapo kalamu ikasimama.

Bwana Shehoza akapita, akagonga muhuri IMEPOKELEWA,
akafunua ukurasa.

Aliyesoma ni Hizza, jioni, akitafuta kazi za kesho.
Ana miaka ishirini na sita na kucha nyeusi kwa grisi.
Hakunipa pole. Pole zote za mji huu nimezimaliza mimi.
Alisema: "Dada, bomba halizibwi likiwa na presha.
Utafunga mpira, utafunga kitambaa, litakutemea usoni.
Kwanza unafunga koki. Mtaa utakosa maji. Watapiga kelele.
Wapige."

Niliomba siku kumi na nne. Nimepewa saba.
Leo ni ya tatu. Nimekaa barazani, namenya chungwa la Muheza,
najaribu ganda litoke zima, lisikatike.
Linakatika. Nachukua jingine.

Sijapona. Nikirudi sijui nitasema nini,
labda nitawaambia watu wa Makorora ukweli,
kwamba fundi ni mmoja na leo amelala.
Mkono bado unashtuka kengele ya baiskeli ikilia,
na mji huu, unaujua, baiskeli haziishi.
Lakini kengele ile haiulizi kitu.
Inalia kwenye kona,
inapita.