Kumi na Moja

Afisa elimu kata alikuja na pikipiki,
akasema kuanzia leo mzazi anafikiwa kiganjani.
Tukafungua kundi, Wazazi Darasa la Nne,
tukaliwekea picha ya bendera na masharti matatu:
siasa hapana, biashara hapana, usiku hapana.
Siku ya pili mtu akatangaza salfa ya mikorosho,
mwingine akatuma dua,
wa tatu akauliza: samahani, hii ni harusi ya nani?

Wanafunzi wangu hamsini na wawili.
Wenye mzazi wa simu ya kupangusa, kumi na tisa.
Wengine wote ni watu wa kitochi,
kitochi kilichofungwa mpira wa baiskeli
betri isidondoke.
Hao nawaandikia mmoja mmoja, kwa salio langu,
na hapa Newala, ukingoni,
mtandao una tabia ya kuvuka Ruvuma peke yake:
nimekaa ofisini, mkono mmoja kwenye chaki,
simu inanikaribisha Msumbiji.

Mwezi wa korosho niliandika hivi:
*Mlezi wa Shaweji Likomba. Mtoto hajafika shule siku 11.
Naomba tuonane. Mwl. wa darasa.*
Ikaenda.
Nikaweka alama ya vema daftarini, mlezi ametaarifiwa,
nikajiona mtu wa zama hizi.

Sikufikiria nani atasoma.

Nyumbani kwa Bibi Somoe msomaji ni mmoja,
ana miaka kumi, na jina lake ni Shaweji.
Akashika simu kwa mikono miwili, kama msahafu,
akasafisha koo:
“Mwalimu anakusalimu. Anasema naendelea vizuri.”

Bibi alikuja Jumatatu, miguu myekundu kwa vumbi,
simu imefundikwa kwenye pindo la kanga.
Kiti nilimpa, hakukikalia.
“Mwalimu, kusoma sijui. Lakini mwaka ule
kangomba waliponipunja kilo nane, kisha nane tena,
nilijifunza namba kwa hasira.
Sasa mizani ya ghalani hainidanganyi.
Mjukuu wangu kanisomea salamu,
na mimi nikaona vijiti viwili vimesimama katikati.
Salamu gani ina kumi na moja ndani yake?”

Nikamwambia.
Nilitegemea ukali, au machozi,
au yale maneno ya wazazi, mchape tu mwalimu, mchape.
Akafungua vidole, akahesabu taratibu
siku za kuokota, siku za kubangua,
siku moja ya foleni ya maji,
akafika mwisho wa mkono wa pili, akabakiza kidole.
“Tisa ni zangu. Nilimtuma mimi, mgongo haukuinama.
Mbili sizijui. Hizo ni zake.
Muulize hizo mbili tu.”

Katika daftari langu hakuna safu ya namna hiyo.
Kuna yupo, kuna hayupo.

Tukapatana, yeye amesimama, mimi nimesimama.
Maneno yaache, alisema, yana wakalimani wao.
Nitumie namba.
Moja akiwepo, sifuri asipokuwepo.
Na ikija sifuri, yeye atabipu, maana salio hana:
mara mbili, “nimemtuma mimi”;
mara moja, “simjui alipo, mtafute.”

Kwenye kundi wanajadili rangi ya sweta,
ujumbe mia na sita, sijafungua.
Jumatatu nilituma 1. Jumanne 1. Jumatano 1.
Alhamisi 1, na Shaweji alijibu swali la sehemu
bila kutazama dari.

Leo Ijumaa, saa mbili na nusu, dawati lake tupu.
Nimetuma 0.
Simu imeita mara moja, ikakata.

Nimeishika bado. Nasubiri ya pili.