Funguo Kumi na Moja

Zimo ndani ya kopo la kahawa, juu ya jokofu,
funguo kumi na moja za nyumba zisizo zetu.
Baba alisahau kuzirudisha, au hakusahau.
Klabu ikikuacha, asema, una siku mbili uwe umetoka,
na mtu anayefungasha viatu vikubwa kama mitumbwi
hakumbuki kilichomo mfukoni.

"Huu?"
"Utena, Lithuania. Kitanda kilinikomea magotini.
Nililala miguu ikiwa juu ya sanduku la nguo
mpaka Vaidotas, mtunza jezi, akaleta benchi la uwanjani
na mto wa mkewe.
Jina langu alilishona kwa mkono wake:
PETIGRU. Nikaliacha vivyo hivyo.
Mtu hakesheki na sindano kwa asiyemjali."

"Na huu mdogo?"
Hakumbuki. Labda Saiprasi. Anaunusa.
Kweli, anaunusa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Baba jembe alipokelewa nalo uwanja wa ndege:
ashuke mchana, jioni mazoezi, kesho afunge ishirini.
Kwao mgeni ni nafasi ya kuhesabiwa,
watatu kwa timu, wanne kwa timu,
na mmoja akiteguka kifundo cha mguu
simu inalia kwetu Saginaw, saa tisa usiku,
na mama, hata taa hajawasha,
ameshateremsha begi.
Mkate wetu ulikuwa kifundo cha mtu mwingine.
Mama alimwombea kila mara, mtu huyo asiyemjua,
apone,
ila asipone upesi.

Ligi kubwa, ile ya televisheni, alikaa siku kumi.
Nane benchi. Ya tisa wakamwingiza,
timu iko nyuma kwa pointi thelathini,
mashabiki wanatafuta funguo za magari yao.
Dakika nne na sekunde kumi na moja.
Faulo mbili, ribaundi moja iliyomwangukia yenyewe.
Alirusha mara moja, kutoka pembeni,
na mpira ukazunguka ringi
kama mtu azungukaye nyumba akitafuta mlango,
ukatoka.
Bibi aliitia karatasi ya takwimu kwenye fremu,
akaitundika kando ya picha ya ubatizo wangu.

Mimi nilipimwa urefu kwa simu.
Mama akichora mstari kwenye mlango wa jikoni,
akisoma futi na inchi,
naye huko alikochora mstari ule ule
kwa penseli, kwenye mlango wa klabu.
Kwa hiyo mjini Radom kuna mlango wenye miaka yangu sita,
na Tainan mwingine, saba na nusu.
Waliokuja kupaka rangi
hawakujua walikuwa wakimfunika nani.

Klabu moja ya Romania anaidai mishahara mitatu.
Rais wake alituma paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi.
Tukalila deni lile, vipande vyembamba,
hadi Februari.

Siku hizi baba anauza mazulia.
Hupima sebule za watu kwa hatua, hakosei hata shubiri.
Goti la kushoto humpa habari ya mvua siku moja kabla.
Wateja humwuliza, kwa kimo hicho, Bwana Pettigrew,
hukuwahi kucheza?
"Kidogo," husema,
na kuwageuzia kitabu cha rangi.

Jana usiku nilisikia chuma kikigusa chuma.
Nikamkuta mlango wa nyuma, peku, amepiga goti lile zima,
akijaribu ule ufunguo mdogo kwenye kitasa chetu.
Haukuingia.
Akaufuta kwa shati, akautazama.
"Montevideo," akasema. "Nimekumbuka.
Mlango wake ulikuwa unakwama.
Ilibidi uuinue kidogo, hivi,
ndipo uzungushe."